Sifa za mgombea wa bodi ya maji au umeme: maana yake nini hasa?

Mgombea akijinadi kuwa "ana sifa" za kuingia bodi ya shirika la huduma ya umma, muulize: sifa zipi? Kuna sifa za kugombea, kama umri, makazi na kuandikishwa kupiga kura. Hizo hukaguliwa na wasimamizi wa uchaguzi. Kisha kuna sifa za kuifanya kazi yenyewe, ambazo mara nyingi hazikaguliwi na yeyote isipokuwa wewe mwenye kura.

Chukua jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1930 wapiga kura wa huko walipitisha sheria ya kuanzisha mashirika ya huduma ya umma, na leo mengi yanauza umeme, mengine maji. Kwa kawaida shirika lina makamishna watatu wanaochaguliwa bila tiketi ya chama, kwa kipindi cha miaka sita. Hawadaiwi shahada ya uhandisi. Mkulima anaweza kuingia, mwalimu mstaafu naye pia.

Mimi sioni ubaya hapo. Kamishna hazibui bomba wala hapandi nguzo. Kazi yake ni kupanga bei, kupitisha bajeti, kuidhinisha mikopo, na kumwajiri meneja mkuu kisha kumbana kwa maswali. Bodi iliyojaa mafundi watupu inaweza kusahau kwamba kuna mtu anayelipa bili.

Ila kutojua kuna gharama yake. Miaka ya 1970, muungano wa mashirika hayo, WPPSS, ulianza kujenga vinu vitano vya nyuklia kwa mpigo. Bodi yake ilitoka kwenye mashirika wanachama, watu waliozoea kusambaza umeme, si kusimamia ujenzi wa ukubwa huo. Gharama zikapaa. Mwaka 1983 muungano ulishindwa kulipa hati fungani za dola bilioni 2.25 za vinu namba 4 na 5, na mwishowe kinu kimoja tu kati ya vitano ndicho kilichokamilika. Watu wakawa wanalitamka jina hilo la WPPSS "Whoops", mshangao wa Kiingereza wa mtu aliyeangusha sahani.

Kwa hiyo sifa ninayoitafuta mimi ni ya kusoma taarifa na kuuliza. Tuseme taarifa ya mwezi inaonyesha kila lita 100 zilizosukumwa, 62 ndizo zilizolipiwa. Mjumbe mzembe atapiga muhuri. Mwenye sifa atauliza 38 zimekwenda wapi: bomba linavuja, mita ni mbovu, watu wamejiunganishia kinyemela, au ofisi haikutuma bili? Kila jibu lina dawa yake, na ukibadilisha mabomba wakati tatizo ni mita, umetupa fedha.

Anayeahidi kupunguza bili naye aulizwe atakata wapi: dawa za kutibu maji, matengenezo au marejesho ya mkopo? Akijibu "ubadhirifu" bila kutaja hata fungu moja, bajeti hajaifungua.

Halafu kuna mgongano wa maslahi, ambao haufutwi na shahada yoyote. Mtu anayeliuzia shirika mabomba anaweza kuyajua mabomba kuliko wajumbe wote. Siku zabuni ya mabomba inapojadiliwa, anatakiwa awe nje ya chumba.