Mwili wote unauma, vipimo vyote safi

"Daktari, wameniambia sina kitu."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Mtwara mjini, na sentensi hiyo naisikia mara kwa mara. Wengi wanaoisema ni akina mama. Wanatoka Newala, Tandahimba, Nanyamba, wengine hapahapa Chikongola. Anakaa, anatoa bahasha ya kaki iliyojaa majibu: malaria hakuna, picha kamili ya damu nzuri, eksirei ya mgongo nzuri. Ameshatibiwa taifodi mara mbili na UTI mara tatu. Mwisho wa safari yote hiyo akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na maumivu yaleyale, na mumewe alipomuuliza wamesema nini akakosa la kujibu. Msimu wa korosho ukifika akabaki amelala wenzake wako shambani, maneno huanza. Mvivu. Anajidekeza.

Kati ya akina mama hao wapo wenye ugonjwa unaojulikana, wenye jina na vigezo vyake: fibromialjia.

Ukimuuliza anaumwaje, sikiliza vizuri. Kiswahili kina maneno mengi ya maumivu, naye atayatumia karibu yote. Mabega yanawaka moto, kichwa kinawanga, kiuno kinakata, mapaja yanavuta, vidole vinakufa ganzi, na jana ilikuwa upande wa kulia, leo kushoto. Hapo ndipo mhudumu aliyechoka, mwenye foleni ndefu nje ya mlango, anapoacha kuandika. Anajaza "baridi yabisi" na dawa ya maumivu, diklofenaki. Lakini kuhamahama huko kwa maumivu ndiyo habari yenyewe. Mama hababaiki wala hatungi.

Kwa vigezo vya mwaka 1990, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa alipaswa kuumia katika 11 au zaidi. Tangu 2010 kubonyeza si lazima. Tunahesabu maeneo yaliyouma wiki iliyopita, kati ya maeneo 19, kisha tunapima uchovu, usingizi usioburudisha, na ule ukungu wa kichwani unaomfanya mtu asimame jikoni asikumbuke alifuata nini. Hali hiyo iwe imedumu miezi 3 au zaidi. Na jambo ambalo hata wenzangu kazini husahau: mtu anaweza kuwa na ugonjwa mwingine, hata baridi yabisi ya kweli, akawa na fibromialjia pia. Kimoja hakifuti kingine.

Je, maumivu ni ya kweli? Mwaka 2002 Richard Gracely na wenzake huko Marekani waliwachukua wagonjwa 16 wa fibromialjia na watu 16 wenye afya, wakawabonyeza ukucha wa kidole gumba huku wakipiga picha za ubongo. Mbonyezo mdogo, ambao kwa mtu mwenye afya haukuwa lolote, uliamsha kwa wagonjwa sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu. Ili mtu mwenye afya aumie kiasi kilekile, ilibidi abonyezwe kwa nguvu zaidi, karibu mara mbili. Wagonjwa walikuwa wanasema kweli tangu mwanzo.

Huwa naeleza hivi. Fikiria mlinzi wa ghala la korosho aliyekesha siku nyingi mpaka akashtuka kwa kila kitu. Jani likianguka, anapiga kelele za mwizi. Paka akipita, mwizi. Kelele zake ni za kweli na mtaa mzima hauwezi kulala, lakini ghalani hamna mwizi. Mlinzi huyo ni mfumo wako wa fahamu, yaani ubongo na uti wa mgongo. Diklofenaki ni askari wa kukamata mwizi: inashughulikia uvimbe na joto kwenye kiungo. Ukimwita askari kila siku kwenye ghala lisilo na mwizi, hataleta utulivu, ila ataharibu. Nimeona akina mama waliopata vidonda vya tumbo na presha kupanda kwa diklofenaki walizokuwa wakinunua dukani mwaka mzima. Figo nazo huumia kimyakimya. Dawa za steroidi, kama prednisoloni na deksamethazoni, hazisaidii fibromialjia hata kidogo, na dawa kali za jamii ya mofini hazishauriwi.

Dawa inayoweza kumtuliza mlinzi ipo na haina gharama kubwa: amitriptilini, kiasi kidogo, jioni saa moja au mbili kabla ya kulala. Kidonge kilichozoeleka ni cha miligramu 25, na madaktari wengi huanza na nusu. Hukausha mdomo, huleta usingizi wa asubuhi siku za kwanza, na huenda isimfae mwenye matatizo ya moyo au presha ya macho, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kuazimana na jirani. Mgonjwa mmoja alikuja kwangu analia kwa sababu mtoto wake wa sekondari alisoma karatasi ya ndani akamwambia, "Mama, hii ni dawa ya sonona." Akaona kumbe nasi tunamwona amechanganyikiwa. Ni kweli dawa hiyo hutibu sonona, kwa dozi kubwa zaidi. Kwa dozi hii ndogo inasaidia usingizi na kupunguza kelele kwenye njia za maumivu. Alipaswa kuelezwa hivyo kabla hajapewa. Pregabalini na duloksetini pia hutumika, ila bei yake si ya kila mtu.

Usingizi usiupuuze. Mwaka 1975 mtafiti Harvey Moldofsky, huko Toronto, aliwavurugia vijana wenye afya usingizi mzito kwa kelele, bila kuwaamsha kabisa, na baada ya siku chache miili yao ikaanza kuuma. Sasa mfikirie mama mwenye mtoto mchanga, joto la Desemba, na umeme umekatika feni imesimama.

Kuhusu kuchua: polepole, kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, kunaliwaza. Kuchua kwa nguvu mpaka mtu apige kelele kunamzidishia. Hijama sijaona ikibadilisha hali hii kwa muda mrefu, lakini anayekwenda ahakikishe wembe ni mpya.

Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walipitia tiba zote za fibromialjia, na kitu kimoja tu ndicho walichokipendekeza kwa uzito wa juu: mazoezi. Nikilitaja neno hilo, akina mama hunikasirikia. "Mazoezi? Mimi nalima, nachota maji, natwanga. Mazoezi gani tena?" Wana haki ya kukasirika. Jembe si mazoezi, kwa sababu kipimo chake hukichagui wewe. Kinachaguliwa na mvua, na njaa, na tarehe ya mnada.

Mama mmoja wa Tandahimba alinifundisha hili. Siku mwili ukimruhusu, aliokota korosho toka asubuhi mpaka jioni, ameinama, akizikwanyua kwenye mabibo, ili afidie siku alizolala. Kisha analala siku tatu. Tukakaa tukahesabu. Ndoo ya tatu ndiyo iliyokuwa ikimwangusha. Basi tukakubaliana ndoo mbili, halafu anakaa chini ya mti dakika 20, hata kama haumwi, hata kama shemeji anamwangalia vibaya. Kuacha wakati bado unaweza ndiko kugumu kuliko yote, na hapo nilimpa kazi binti yake awe mhesabuji. Baada ya wiki mbili tukaongeza nusu ndoo. Jioni, kutembea dakika 10, bila mzigo. Wa mjini nawaambia watembee ufukweni Shangani jua likipungua, wengine maji ya magotini. Wiki za kwanza maumivu huweza kupanda kidogo, na wengi huacha hapo. Bado anaumwa, yule mama. Lakini msimu uliopita hakulala siku tatu mfululizo hata mara moja.

Si kila mwili unaouma ni fibromialjia. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa mara ya kwanza hapa kwetu, katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye Uwanda wa Makonde, na dunia nzima inaiita kwa neno la Kimakonde la kujikunja. Inaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi, hata miaka, kwa hiyo nauliza kila mara: yalianza na homa? Viungo vikivimba na kuwa vya moto, ukipungua uzito, ukitoka jasho usiku, mgongo ukiuma sehemu moja tu bila kupumzika, mguu ukipoteza nguvu au haja ikikutoka bila kujua, nenda hospitali haraka. Tezi la shingo, sikoseli, VVU na upungufu wa damu navyo vichunguzwe kabla ya kutaja fibromialjia.

Ukija kwangu, njoo na bahasha yako yote. Njoo na dawa zote unazotumia, za dukani, za kuchemsha, za kupaka, na ulizopewa na jirani. Sitakugombeza. Na ukiweza, njoo na mumeo au mkweo, nimweleze na yeye habari za mlinzi wa ghala.