Je, Wajua Kwa Nini Gemu Uliyoilipia Inaweza Kuchukuliwa Tena?

Tarehe 31 Machi 2024, kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft ilizima seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha gemu kupitia intaneti, za The Crew, gemu ya magari iliyoingia sokoni Desemba 2014. Raha yake ilikuwa ramani: Marekani nzima imefupishwa, unaliwasha gari Detroit na kulisimamisha Los Angeles, barabara haijakatika. Wapo waliokuwa hawashindani na mtu, wanaendesha tu peke yao. Hao nao walifungiwa nje, kwa sababu gemu ilitengenezwa iwasiliane na seva kila inapochezwa, hata na mtu mmoja chumbani kwake. Aliyeipakua na aliyenunua diski dukani walikuwa hali moja, kwani diski bila seva haikuwa na faida yoyote. Mwezi uliofuata baadhi ya wachezaji walikuta hata leseni zao zimefutwa kwenye akaunti.

Swali lililofuata ni lile ambalo yeyote angeliuliza: si nililipa?

Ulilipa, ila ulicholipia ni ruhusa ya kutumia. Yale maelezo marefu tunayoyakubali bila kuyasoma wakati wa kufungua akaunti husema hivyo karibu yote: unapewa leseni, si umiliki, na leseni hiyo ina masharti ya kukatishwa. Wachezaji wawili waliposhtaki huko California Novemba 2024, Ubisoft iliiomba mahakama iitupe kesi kwa hoja hiyohiyo, kwamba wanunuzi walipata leseni na walikuwa wametaarifiwa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mchapishaji wa vitabu, Bobbs-Merrill, aliyekuwa amepiga chapa ndani ya riwaya yake onyo kwamba mtu asiiuze chini ya dola moja. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala, hana tena mamlaka juu ya bei ya mauzo yanayofuata. Kutokana na kanuni hiyo, mwenye kitabu, kaseti au diski anaweza kuiuza, kuiazima au kuwaachia wanawe. Hata leo diski ya PS4, mashine ya gemu ya Sony, inazunguka mtaani kwa wachezaji wengi na hakuna anayehitaji kibali cha kampuni.

Programu za kompyuta zilikwepa kanuni hiyo kwa kuitwa leseni. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Marekani ilishughulikia suala la mtu aliyekuwa akiuza kwenye eBay, soko la mtandaoni, nakala halisi za AutoCAD, ile programu ya wachora ramani za majengo. Ziko kwenye boksi, zinashikika kwa mkono, lakini mahakama ikaamua kwamba aliyezinunua kwanza hakuwa mmiliki, basi hakuwa na cha kumuuzia mwenzake. Ulaya ilikwenda njia nyingine: mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema programu iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na kikomo imeuzwa, na inaweza kuuzwa tena. Wachezaji wa Ufaransa walitarajia gemu zifuate. Mahakama ya Paris ikakipa ushindi chama cha kutetea wanunuzi dhidi ya Valve, wenye duka la Steam, mwaka 2019, lakini mahakama ya rufaa ikautengua mwaka 2022, ikisema gemu si programu tu: ndani yake mna muziki, picha na hadithi zenye ulinzi wake wa hakimiliki. Na akaunti yenyewe ya Steam, kwa masharti yake, haihamishiki kwa mtu mwingine, hata kwa wosia.

Mimi sioni ubaya wa leseni kama leseni. Mpangaji naye hamiliki chumba, lakini anajua kwamba amepanga, anajua kodi yake inaishia mwezi gani. Mchezaji wa The Crew alilipa bei nzima mara moja, kwenye kitufe kilichosema anunue, na hakuna aliyemwambia mwisho ni lini. Hapo ndipo penye dhuluma. California imeligusa jambo hili kwa sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 1, 2025: duka la kidijitali lisimwambie mteja ananunua bila kumweleza waziwazi kwamba anapata leseni. Steam ikaanza kuweka tangazo hilo mahali pa kulipia. Sheria haizigusi gemu unazoweza kuzipakua na kubaki nazo moja kwa moja, kama zile za duka la GOG, ambalo hukupa faili la kusakinisha lisilohitaji kuuliza seva yoyote.

Kuambiwa ukweli ni hatua, lakini hakuirudishi gemu iliyozimwa. Ndiyo maana mwezi Aprili 2024 Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likavuka saini milioni moja Julai 2025. Hawadai seva ziendeshwe milele. Wanadai kwamba kampuni inapoondoka iiache gemu katika hali ya kuchezeka. Chama cha kampuni za gemu Ulaya kimepinga, kikisema sharti hilo litapandisha gharama za kutengeneza. Kuna ugumu wa kweli hapo: leseni za majina ya magari na muziki huisha, na gemu iliyojengwa juu ya seva haigeuzwi kwa siku moja. Lakini Forza Horizon 4, nayo ya magari, iliondolewa madukani Desemba 2024 leseni zake zilipoisha, na waliokwisha kuinunua wakaendelea kuicheza. Ubisoft yenyewe, baada ya kelele, iliahidi kuiwekea The Crew 2 namna ya kuchezwa bila intaneti. Kumbe inawezekana, ikipangwa mapema.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hasa kama itabidi uchome bando la gigabaiti 100 kuipakua, shuka chini kwenye ukurasa wa gemu utazame sehemu ya mahitaji. Ikiandikwa kwamba intaneti inahitajika muda wote, hata kwa mchezaji mmoja, gemu hiyo itaishi kadiri seva zake zitakavyoachwa ziwake. Ukinunua diski, hakikisha gemu yote imo ndani. Diski nyingine hubeba sehemu tu, zilizobaki unaagizwa kuzipakua.