"Betri nzima hii, inasoma 12.6": dhana potofu za kupima volti

"Fundi, betri nzima hii, nimeipima mwenyewe, inasoma 12.6." Mbalamwezi ikiisha na wavuvi wa dagaa kurudi ziwani, kauli hiyo inasikika kuanzia mwaloni Kibirizi hadi Mwanga, mjini Kigoma, na betri inayosemwa ndiyo iliyozimisha taa saa tano usiku katikati ya maji. Lawama zinaangukia taa, au waya, au "sola feki". Betri haiguswi, kwa sababu mita imeshaitetea.

Mita haijadanganya. Tatizo ni kwamba betri imepimwa ikiwa haina kazi. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani (uzuiaji wa mkondo) wa kama megaomu 10, yaani omu milioni 10, kwa hiyo ikigusa betri ya volti 12 inavuta mkondo wa karibu sehemu moja ya milioni ya ampea. Huo hata betri mahututi inautoa. Fungia mzigo wa ampea 9 ndipo ukinzani wa ndani ya betri unapoanza kula volti: zidisha mkondo kwa ukinzani huo, toa jibu kwenye 12.6, kinachobaki ndicho inachopata taa. Betri nzima ya gari ya saizi ya N70 ina ukinzani wa kama omu 0.01, hapo hasara huioni. Iliyoota salfeti (ukoko mweupe kwenye sahani za risasi ndani yake) ikifika omu 0.25, zimeshapotea volti 2 na robo kabla umeme haujatoka nje ya betri.

Na salfeti hiyo tunaifuga wenyewe. Mwezi ukiwa mkubwa betri inashushwa mtumbwini ikiwa nusu, inawekwa pembeni ya nyumba siku kumi, inangoja giza. Betri ya asidi ikikaa bila chaji, salfeti kwenye sahani zake inakuwa ngumu, na chaji ya baadaye haiiondoi yote. Ichaji siku ileile unayotoka ziwani. Hilo ndilo la kupigiwa mbiu mwaloni.

Kupima kwenyewe ni hivi. Ichaji ijae, itoe kwenye chaji, iache ipumzike saa nne au zaidi. Ukipima papo hapo utasoma 13 na ushee, nayo ni chaji ya juujuu tu. Ikishapumzika, 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 kushuka chini imekwisha. Sasa chukua globu mbili za taa kubwa za gari, za wati 55 kila moja, zifunge sambamba kupitia swichi, ziwashe dakika tano. Ncha za mita ziguse vichwa vya risasi vyenyewe, si vibanio. Ikibaki kwenye 12 au juu yake, irudishe ziwani. Ikiporomoka chini ya 11, imechoka, hata kama ukizima globu itapanda tena na kukuonyesha 12.5 kwa majivuno. Ikidondoka mara moja hadi karibu 10.5 na kung'ang'ania hapo, shuku seli moja kati ya sita imekufa, maana kila seli ina kama volti 2.1. Zima kwa swichi, usizime kwa kuchomoa vibanio: betri iliyotoka kuchajiwa ina haidrojeni, na cheche moja inatosha kuipasua.

Betri ikifaulu na taa bado hafifu, acha kuipima betri. Taa ikiwa inawaka, pima kwenye betri, kisha pima kwenye taa. Tofauti imeliwa njiani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una kama omu 0.23; kwa ampea 5 unakula karibu volti 1.2. Halafu weka ncha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye kibanio kilichokishika. Panatakiwa pasome karibu sifuri. Pakisoma 0.5, ule unga mweupe wenye ukijani ndio mwizi: osha kwa maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya, kaza, ndipo upake grisi.

Wengine hukata waya ili "kuingiza" mita wapime volti. Volti inapimwa kwa kugusa sehemu mbili, bila kukata kitu. Ampea ndiyo inayotaka njia ikatwe. Hatari iko kwa aliyepima ampea jana, akaacha ncha nyekundu kwenye tundu la 10A, leo akagusa betri. Tundu hilo ni kama waya mtupu, kwa hiyo anapiga shoti betri, na mita nyingi za bei rahisi hazina fyuzi hapo.

Alama ya kutoa mbele ya namba? Umegeuza ncha, basi. Mita inasoma 26 kwenye betri ya 12? Angalia kitasa cha kuchagulia kipimo, kimekaa kwenye umeme wa nyumbani (AC). Na mita rahisi ikianza kusoma juu kila mahali, badilisha betri yake ya volti 9 kabla hujaisifu sola.

Kuhusu umeme wa nyumbani, wa volti 230: testa ya bisibisi isipowaka si ushahidi kwamba waya hauna umeme. Huenda kitaa chake kimeungua, au umesimama juu ya ubao mkavu. Mita nayo inaweza kuonyesha volti 80 kwenye waya uliokatwa, umeme wa kuambukizwa tu na waya jirani, ambao globu ya kawaida inaufuta mara moja. Kwa hiyo pima kwa mita mara tatu: kwanza soketi unayojua ina umeme, kisha waya unaotaka kuushika, kisha rudi kwenye soketi ileile uone kama mita bado inasoma.