Uraia pacha na kibali cha kuona siri za serikali ya Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliopata uraia wa Marekani, hasa wanaotafuta kazi jeshini au katika kampuni zenye kandarasi za ulinzi, husemwa kwamba mwenye uraia pacha hawezi kupewa kibali cha kuona siri za serikali. Si kweli. Agizo la SEAD 4, yaani mwongozo wa serikali ya Marekani wa kuamua nani apewe kibali hicho, linalotumika tangu Juni 2017, linaeleza wazi kwamba uraia wa nchi nyingine, peke yake, haumwondolei mwombaji sifa. Huenda dhana hiyo tumetoka nayo nyumbani, maana Ibara ya 78 ya Katiba ya Kenya inawakataza maafisa wa serikali na wanajeshi kuwa na uraia pacha, isipokuwa wachache waliotajwa humo.

Wapo pia wanaoshauri pasipoti ya Kenya irudishwe kabla fomu ya kuomba kibali, SF-86, haijajazwa. Zamani ushauri huo ulikuwa na msingi, kwa kuwa waraka wa Wizara ya Ulinzi wa mwaka 2000 ulitaka pasipoti ya kigeni isalimishwe. SEAD 4 haina sharti hilo. Linalotakiwa ni kuitaja, na kuingia na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani.

Penye uzito hasa ni ndugu na fedha. Mpekuzi hashangazwi na mwombaji mwenye mama Kisumu. Anachopima ni kama mama huyo anaweza kutumiwa kumbana mwanawe. Ndiyo maana mjomba aliye katika idara ya ujasusi ya nchi yake hatazamwi kama shangazi anayeuza samaki, na shamba la urithi hupimwa kwa kulinganishwa na mali aliyo nayo mwombaji huko Marekani. Fomu hiyo ya SF-86 inauliza pia kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani, na hapo ndipo wengi wetu hujikwaa, kwani karo ya mpwa na mchango wa matanga hatuviiti msaada, tunaviona ni wajibu tu. Anayejibu "hapana" kwa mazoea hayo hujitia katika shaka kubwa kuliko ile ya kuwa na mpwa, na anayedanganya kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Kinyume chake, wako wanaoamini kwamba raia mwaminifu ana haki ya kupewa kibali. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1988, katika kesi ya Egan, mfanyakazi wa Jeshi la Majini aliyenyimwa kibali, kwamba haki hiyo haipo. Shaka ikibaki, huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa.

Wala kupata kibali si mwisho wa maswali. Safari binafsi za nje hutolewa taarifa kabla ya kuondoka, na hata aliyeitwa ghafla mazikoni hutakiwa kumwarifu msimamizi wake, kisha kukamilisha taarifa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kurejea.