Kumbukumbu za chini ya fahamu: yanayosemwa vijiweni na yaliyopimwa

Hapa Dodoma habari za "akili ya ndani" hazikosi wasikilizaji. Yupo anayeuza sauti za kusikiliza ukiwa umelala, yupo anayeapa kwamba kila ulichowahi kukiona kimo kichwani kinasubiri mtaalamu wa kukitoa. Mengi ni ya kijiweni tu. Ila jambo lenyewe, yaani kumbukumbu zinazoongoza matendo yetu bila sisi kujua kwamba tunazo, lipo, na watu wamelipima kwa zaidi ya miaka mia moja.

"Usichokikumbuka hukijui"

Hii imeenea kuliko zote. Nenda shamba la zabibu kule Hombolo wakati wa kupogolea, umuulize mzee aliyeizoea kazi kwa nini amekata tawi hili akaliacha lile. Atakwambia, "We angalia tu, mjukuu wangu," na mkasi umeshahamia tawi la tatu. Maelezo hana, lakini mti umekatwa inavyotakiwa.

Ushahidi uliotikisa wataalamu ulitoka Marekani. Mwaka 1953 daktari William Scoville alimfanyia Henry Molaison upasuaji wa ubongo ili kumpunguzia kifafa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo, kulia na kushoto. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kushika habari mpya: mlizungumza, ukatoka kidogo, ukirudi anakupokea kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha umbo la nyota kwa penseli huku mkono wake akiuona kwenye kioo tu. Si kazi rahisi, maana penseli hukimbilia usikotaka. Kwa siku tatu makosa ya Henry yalipungua, hadi akawa anachora vizuri. Na alipoletewa karatasi hakuwa na kumbukumbu ya kuwahi kuifanya kazi hiyo.

Hapo ikaonekana kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Hipokampasi inahitajika kwa yale unayoweza kuyasimulia, kama matukio na habari. Ujuzi wa mkono unategemea sehemu nyingine, ikiwemo serebela iliyo kisogoni, ndiyo maana ulibaki.

"Wanasaikolojia huyajua hayo kwa kutafsiri ndoto"

Hilo waachie wapenzi wa Freud, daktari aliyesifika kwa kutafsiri ndoto. Mtafiti wa kumbukumbu hakuulizi kama unakumbuka. Anakupa kazi isiyofanana kabisa na mtihani, kisha anaangalia kama yaliyopita yameacha alama.

Tuseme amekuonyesha orodha ya maneno, "kabati" likiwemo. Baadaye anakupa herufi "kab" na kukwambia umalizie kwa neno lolote linalokujia kwanza. Asiyeiona orodha anaweza kuandika kabila, kabichi au kaburi. Wewe utaelekea kuandika kabati, hata kama orodha yenyewe imeshakutoka. Elizabeth Warrington na Lawrence Weiskrantz wa Uingereza walitumia mbinu za namna hii kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa wagonjwa waliopoteza kumbukumbu. Wagonjwa hao, waliokuwa wakifeli vibaya walipotakiwa kukumbuka, kwenye kazi hii walikaribiana na watu wenye afya.

Kuna mtego. Mshiriki mjanja anaweza kushtukia na kuanza kuivuta orodha makusudi. Larry Jacoby akaugeuza mchezo: malizia kwa neno lolote, *isipokuwa* uliloliona kwenye orodha. Ukiandika kabati tena, hukulikumbuka, kwa sababu ungelikumbuka ungeliepuka; limekujia lenyewe bila wewe kujua lilikotoka. Kwangu mimi hili ni kati ya majaribio yenye akili zaidi katika saikolojia yote.

"Kila kitu kimerekodiwa, kinahitaji hipnosi tu"

Hapana. Hipnosi, yaani kumtia mtu katika hali kama ya usingizi kwa maneno, humwongezea uhakika kuliko inavyomwongezea usahihi. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus alichapisha jaribio ambalo watu 24 walisimuliwa kisa cha uongo, kwamba walipokuwa wadogo walipotea dukani. Karibu robo yao wakaja kukikubali, chote au sehemu yake. Anayejidai kukufukulia yaliyozikwa utotoni anaweza kuwa ndiye anayeyapanda.

"Sikiliza masomo ukiwa usingizini"

Wanafunzi, okoeni bando zenu. Mwaka 1956 Charles Simon na William Emmons walipima mawimbi ya ubongo wakati wa kuwasomea watu usiku: yaliyosomwa mtu akiwa amelala kweli hayakushikwa. Ni kweli kwamba watafiti wa Israel walionyesha mwaka 2012 kuwa aliyelala anaweza kujifunza kuhusisha sauti na harufu, akaamka hana habari. Kutoka hapo hadi fomula za fizikia ni mbali sana. Na lile tangazo la siri la mwaka 1957, lililodaiwa kumulikwa sinema haraka mno kuonekana na bado likauza bisi na soda, mwenyewe James Vicary, mtafiti wa soko wa Marekani aliyelitangaza, alikuja kukiri kwamba lilikuwa mbinu ya biashara.

"Aliyepoteza kumbukumbu hafundishiki"

Dhana hii inaumiza familia, hasa za vijana walioumia kichwa kwenye ajali za bodaboda. Anafundishika, ila kwa njia yake. Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba wagonjwa wa namna hii hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo. Mtu mwenye kumbukumbu nzima hukumbuka kosa lake na kulirekebisha. Huyu halikumbuki, lakini kosa lenyewe linajengeka kama zoea. Kwa hiyo usimwambie "hebu jaribu kukisia tunaweka wapi dawa." Mshike mkono, mpeleke kwenye rafu, mfungulie, na kesho fanyeni vilevile.