Viazi mviringo na viazi vitamu sio ndugu

Kuna kauli naisikia sana kwa watu wanaolima bustani nyuma ya nyumba, "nimeshatoa viazi, sasa naweka nyanya, nabadilisha zao ardhi ipumzike." Jamani hapo hujabadilisha kitu. Kiazi mviringo na nyanya ni familia moja kabisa, pamoja na bilinganya, ngogwe, pilipili hoho na ule mnavu unaojiotea wenyewe pembeni. Bakajani chelewa, ule ugonjwa unaobabua majani, inakula viazi na inakula nyanya, na bakteria wa mnyauko anakaa kwenye udongo anasubiri yeyote wa ukoo huo apandwe, halafu ukiona nyanya zinanyauka na maji umemwagia vizuri unaanza kumlaumu aliyekuuzia mbegu. Jirani yangu imemkuta hivyo misimu miwili mfululizo na iliniuma, maana kazi aliifanya kweli.

Sasa mtu akishasikia hivyo anakuja na dhana ya pili, kwamba basi viazi vyote ni jamii moja, jina si moja? Jina halisemi kitu. Nenda kaangalie ua. Ua la kiazi mviringo ni nyota ya petali tano zilizoshikana chini, katikati chavulio za njano, vile vifuko vya chavua, zimesimama zimebanana kama koni ndogo, ukiligeukia la nyanya unaona ni yaleyale ila limekuwa la njano. Ua la kiazi kitamu ni tarumbeta, la zambarau kwa mbali na koo limekolea, ndugu zake ni yale maua yanayopanda kwenye fensi yanachanua asubuhi mchana yanajifunga. Hata chini ya udongo ni vitu viwili, kiazi mviringo ni shina lililovimba ndio maana lina macho yanayochipua, kiazi kitamu ni mzizi. Kiazi kikuu nacho kina familia yake nyingine. Kwa hiyo aliyevuna viazi mviringo akapanda matembele huyo kazungusha zao kweli, aliyepanda nyanya bado yuko palepale.

Pilipili manga na pilipili kichaa vilevile, watu wanaziona ndugu kwa kuwa zote zinawasha, basi. Moja ni mmea unaotambaa juu ya mti na vipunje vyake vinaning'inia kwenye shuke, nyingine ni ya ukoo wa nyanya.

"Kila chenye ganda refu ni jamii ya maharage, na kila mkunde unarutubisha udongo." Hii ina makosa mawili ndani yake. La kwanza ni mlonge, watu wanaona yale maganda marefu wanauweka kwenye mikunde, lakini subiri ganda likauke lipasuke, la mlonge linaachana vipande vitatu na la mikunde linaachana viwili. Ukiona kunde, choroko, mbaazi au karanga imechanua utakuta ua lilelile, petali moja kubwa nyuma kama bendera, mbili pembeni kama mbawa, na mbili za chini zimeshikana kama mtumbwi. Mkwaju na mkrismasi hazina ua la hivyo lakini ni mikunde, ukoo ni mkubwa. La pili ni hilo la mbolea. Kinachorutubisha ni bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na si kila mkunde una vinundu, mjohoro hauna, na mtu kapanda mijohoro shamba zima akiamini inamwekea naitrojeni, yaani hiyo mbolea. Ng'oa mche uangalie mizizi kabla hujaamini.

Halafu maziwa. Mtu akiona mmea mnene una miiba anasema dungusi, akiona utomvu mweupe anasema jamii ya mnyaa. Madungusi asili yake Amerika, kata moja hutaona maziwa, na miiba yake inatoka kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya. Ile mikubwa ya porini kwetu iliyosimama kama kinara cha mishumaa ukiikata inamwaga maziwa, hiyo ndiyo ndugu wa mnyaa, na tafadhali yasikuingie machoni, ni hatari kweli. Ila usishike maziwa peke yake kama ushahidi, mpapai una maziwa na hauhusiki, mfenesi una maziwa na hauhusiki, na mnyonyo ambao ni ndugu wa mnyaa na muhogo hauna maziwa hayo. Dalili moja haitoshi, kusanya mbili tatu.

Inayonifurahisha kuliko zote ni ile ya kusema ndugu lazima wafanane kwa umbo. Bamia na mbuyu ni familia moja! Zamani wataalamu waliuweka mbuyu pembeni pamoja na msufi, baadaye vinasaba vikawarudisha wote kwa kina bamia, pamba, choya na mlenda. Fungua ua la bamia utaona stameni, zile nyuzi zenye chavua, zimeungana kuwa kibomba kinachozunguka katikati, halafu okota ua la mbuyu lililodondoka asubuhi, kibomba kipo, ila juu yake zimetawanyika mamia kama brashi. Majani ya mbuyu ukiyapika yanatoa ute kama bamia. Na ukivuta ganda la shina la choya linachunika uzi mrefu mgumu, uzi uleule ambao watu wanausokota kamba kutoka kwenye gome la mbuyu.