Damu ikifika kwenye mstari, usimsubiri dokta

Mimi ni mkunga, na siku hizi nafundisha wakunga wenzangu. Kila ninapouliza kwa nini mzazi aliyevuja damu alichelewa kutibiwa, jibu ni lilelile: "Tulikuwa tunamsubiri dokta."

Jibu hilo nimewahi kulitoa mwenyewe. Nilikuwa mgeni kazini, zamu ya usiku. Mama alikuwa amejifungua, kondo limetoka, mtoto analia vizuri. Nikaona kanga aliyolalia imelowa, nikambadilishia. Ya pili nayo ikalowa. Nilipomgusa tumbo, mfuko wa uzazi ulikuwa tepetepe, badala ya kuwa mgumu kama mpira. Nilijua la kufanya, na oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ilikuwamo kwenye friji, hatua chache tu. Nikamwacha, nikaenda kumtafuta dokta, kumbe yuko chumba cha upasuaji. Tuliporudi midomo ya yule mama ilishapauka. Alipona, lakini kizazi kilitolewa, na ule ndio ulikuwa uzazi wake wa kwanza.

Mimba ikitimia, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufikia nusu lita au zaidi kwa dakika moja. Hakuna nafasi ya kuzunguka korido.

Kwa muda mrefu tuliwahimiza wakunga wajiamini, tukafikiri inatosha. Haikutosha. Moyo wanao; wanachokosa ni kipimo na ruhusa. Damu ikikadiriwa kwa macho huonekana kidogo kuliko ilivyo, na anayetundika dripu bila kuandikiwa na dokta anawaza maswali ya asubuhi.

Ndiyo maana naupenda utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya makalio ya mzazi hutandikwa plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika mililita 500, au 300 huku mapigo yakienda mbio au presha ikishuka, mkunga anaanza yote kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 kwenye mshipa, dripu, na kukagua kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Zamani tulijaribu moja, tukangoja, ndipo tukaendelea na nyingine. Kwa utaratibu huu uvujaji uligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliovuja, dhidi ya 51 kwingineko, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60.

Kwa hiyo nikifika hospitali sianzi na wakunga. Naanza na dokta na msimamizi wa wodi: watamke mbele ya wote kwamba damu ikifika kwenye mstari, mkunga aanze, nao watasaini baadaye. Kisha dawa zote ziwekwe kwenye trei moja, karibu na kitanda. Dokta aitwe, ndiyo, lakini aitwe na mtu mwingine. Wewe uliye na mzazi, mkono wako usitoke tumboni.